Kushoto kwa Nani? Malalamiko Kuhusu Taa za Gari Linalokokotwa

Kwa Mhariri,
Jarida la Magurudumu Jangwani,
Klabu ya Wenye Magari-Nyumba,
Tawi la Jangwa, Arizona.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, gari-nyumba lako likiwa limesimama sawasawa juu ya jeki zake, na tangi lako likiwa na maji. Mimi ni mzima. Nasema hivyo kwa kuwa adabu inanitaka niseme, wala si kwa kuwa ni kweli tupu.

Nimekuwa mwanachama wa klabu hii tangu nilipostaafu kufundisha sarufi katika shule ya upili huko Nebraska. Katika muda wote huo sijalalamika isipokuwa kuhusu matumizi ya mkato katika jarida lako, na malalamiko hayo uliyapokea kwa kimya, nami kimya hicho nilikichukua kuwa ni kukubali. Leo naandika kuhusu jambo zito zaidi. Katika toleo lililopita mlichapisha makala yenye kichwa "Mchagulie Chura Wako Taa". Niliisoma. Niliifuata. Matokeo yake ni kwamba Bibi Verlene Stockwell, mjane, jirani yangu kwa misimu kadhaa ya baridi, amehamisha kiti chake.

Naomba nieleze maana ya jambo hilo. Kila alasiri, jua linapolegea, sisi wa kambi hii tunatoa viti vya kukunja na kuviweka duara juu ya changarawe, kila mtu na kikombe chake. Hakuna aliyepangiwa nafasi, wala hakuna asiyeijua nafasi yake. Kiti cha Bibi Verlene, cha kitambaa cha kijani chenye mfuko wa miwani, kilikuwa kushoto kwangu. Nasema kushoto kwangu mimi niliyeketi. Kwa nini nalisema kwa ukamilifu kiasi hicho, utaona baadaye. Sasa kiti hicho kiko ng'ambo ya duara, ubavuni mwa Bwana Delbert Kettering.

Jumamosi kambi inavunjwa, maana joto limeanza kubisha hodi. Ilikuwa imekubaliwa kwamba Bibi Verlene angenifuata kwa gari-nyumba lake hadi Nebraska, ambako yeye ana dada, na ambako mimi nina nyumba yenye baraza ambayo haikaliwi na mtu. Sasa anasema atamfuata Bwana Kettering kwenda Oregon, ambako hana dada wala baraza. Naandika ili klabu ilizuie jambo hili kabla ya Jumamosi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Neno lenyewe.

Gari dogo tunalolifunga nyuma ya gari-nyumba, ili tukifika tuendako tupate chombo cha kwendea dukani, ni gari linalokokotwa. Katika Kiingereza chetu neno hilo, "towed", na jina la chura, "toad", hutoka kinywani kwa sauti moja. Zamani mtu fulani aliliandika vibaya, wenzake wakacheka, na kosa likazaa. Leo hata ninyi wenye jarida mnaandika "chura" bila haya. Watu wamebandika picha za vyura kwenye bampa. Bwana Kettering anaye wa mpira, wa kijani, juu ya dashibodi, na akimbonyeza hulia.

Kosa la tahajia ningelivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni kosa la ngeli. Mtu akishaliita gari chura, hasemi tena "gari langu limeharibika". Husema "chura wangu anaumwa". Nimeyasikia haya kwa masikio yangu: "Chura wako kalala wapi jana?" Na nikaambiwa mimi mwenyewe: "Mwogeshe chura wako, Mwalimu, anatutia vumbi kwenye kahawa." Kitu kisicho na roho kimetiwa katika ngeli ya wenye roho. Kikishapewa roho, kitapewa macho, na kikishapewa macho kitataka kusema. Taa za nyuma ndizo macho yenyewe na ndizo maneno yenyewe. Naomba ulikumbuke hili utakapofika kwenye lalamiko la sita.

2. Uchaguzi usio na jibu.

Makala yenu inataja aina nne za taa za gari linalokokotwa, kisha inahitimisha: "Kila mtu achague inayomfaa." Ndugu Mhariri, nimesahihisha insha kwa maisha yangu yote ya kazi, na sikumwambia mwanafunzi hata mmoja achague wingi wa nomino unaomfaa. Ama kuna taa iliyo sahihi, ama hakuna. Kama iko, semeni. Kama haipo, mbona mmeandika?

Kwa kuwa hamkusema, nililipeleka suala hili kwenye duara la viti, na likakaa huko muda mrefu wa msimu.

Kuna taa za sumaku, zinazobandikwa juu ya paa na kubanduliwa. Bwana Kettering alisema, "Hizo ni za watu wanaoogopa kutoboa kwa keekee." Kuna taa zisizo na waya, zinazotumia betri na kuzungumza kwa njia ya hewa, alizokuwa nazo yeye mwenyewe msimu uliopita, zikamzimikia mlimani bila kumuaga. Kuna njia ya dayodi, ambayo huzitumia taa za gari lenyewe kwa kuchomeka katika nyaya zake vijitu vinavyouruhusu umeme uende lakini usirudi. Nimewahi kuwa chini ya wakuu wa shule wa namna hiyo, sikutaka kuwa nao tena uzeeni. Mwisho kuna njia ya kuongeza balbu: unatoboa tundu katika kibweta cha taa ya nyuma, unaingiza balbu ya ziada, unapitisha waya wake chini ya gari hadi mbele, basi.

Hii ya mwisho ndiyo aliyoipendekeza Bibi Verlene. "Toboa tundu, tia balbu, tuondoke," alisema. "Marehemu Harlan alimtobolea chura wangu mwaka ule wa theluji, na mpaka leo hajanidanganya."

Nilimweleza kwamba tundu halifutiki. Mtu akibandika kitu anaweza kukibandua; akitoboa, ametoboa. Nilitaka muda wa kufikiri.

Bwana Kettering akasema, "Mwalimu bwana, hii ni taa, siyo ndoa."

Bibi Verlene akapuliza kahawa yake. "Hata ndoa, Del, hatukuifikiria muda wote huu. Harlan aliniuliza kwenye foleni ya nyama choma, na foleni haikuwa ndefu."

Watu walicheka. Sikuona kichekesho. Nilichagua sumaku.

3. Desturi ya kupiga kelele.

Kabla ya kuondoka, wanachama hukagua taa wawili wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani, mwingine husimama nyuma na kupaza sauti: "Kushoto! Kulia! Breki! Twende!" Hakuna kitenzi mpaka mwisho, na kitenzi hicho hakihusu taa. Bibi Verlene alijitolea kunisimamia nyuma. Nilimshukuru nikakataa. Nilikagua peke yangu: niliwasha ishara, nikashuka, nikazunguka hadi nyuma, nikakuta taa inamemeta. Swali langu lilikuwa kama taa inamemeta, na jibu lilikuwa ndiyo.

4. Kushoto.

Hapa ndipo penye msiba.

Taa za sumaku huja mbili, zimeungwa kwa waya mrefu uliogawanyika kama miguu ya suruali. Juu ya moja mtengenezaji ameandika KUSHOTO, juu ya nyingine KULIA. Hakuandika zaidi. Nauliza, Ndugu Mhariri: kushoto kwa nani? Neno hili haliwezi kusimama peke yake. Linamtaka mwenyewe, kama "mke wa" linavyomtaka mtu. Kwa kuwa mtengenezaji hakunipa mwenyewe, nilitumia kanuni niliyoitumia maisha yangu yote. Nilisimama pale waya unapochomekwa, baina ya gari-nyumba na gari, uso wangu ukielekea nyuma, kama mwalimu asimamavyo ubaoni akilitazama darasa. Ile iliyoandikwa KUSHOTO niliipeleka upande wa mkono wangu wa kushoto, na ile ya KULIA upande wa mkono wa kulia, nikazibandika juu ya paa. Zilikaa zimenyooka kuliko za mtu yeyote kambini. Mtu yeyote mwenye elimu angefanya hivyo hivyo.

Jumanne tulifanya jaribio la safari. Tulikwenda mjini kuchota maji, mimi mbele na gari langu, Bibi Verlene nyuma na lake. Asubuhi hiyo, tukinywa kahawa, alikuwa ametaja kwamba angependa siku moja kupita kwa muuza mawe aliye kando ya barabara, amtafutie dada yake jiwe la rangi ya waridi la kuweka dirishani. Nilimsikia. Sikujibu, kwa kuwa halikuwa swali.

Njia ya kwenda kwenye maji iko upande wa kushoto. Niliwasha ishara ya kushoto mapema, kama sheria inavyotaka na kama wengi wasivyofanya. Gari-nyumba likasema kushoto. Gari lililo nyuma yake, kwa zile taa zilizo juu ya paa, likasema kulia. Na kulia, kabla hujaifikia njia ya maji, ndiko aliko muuza mawe.

Bibi Verlene alikata kulia.

Mimi niliendelea mbele. Sikumwona akiondoka, kwa sababu anayeendesha gari-nyumba akitazama nyuma huiona nyumba yake tu. Naye anasema hakuziona taa za gari-nyumba langu kwa jua na vumbi. Aliziona zilizokuwa karibu na uso wake.

Uwanja wa muuza mawe ni mwembamba, na mwisho wake ni ukuta. Hakuna mwanachama asiyejua kwamba gari-nyumba lililofungiwa gari haliendi kinyumenyume. Ukilazimisha, chuma cha kukokotea kinapinda. Bibi Verlene alikwama baina ya rundo la mawe ya waridi na rundo la magogo yaliyogeuka mawe. Ikambidi alifungue gari lake juani, peke yake, huku muuza mawe akimpa maelekezo ambayo hakuyaomba. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kujaza maji, nikamngoja kwenye bomba, nikiwaza juu ya wanawake na uzembe. Nilikuwa nimewaza kinyume. Mzembe ni mtengenezaji.

5. Yaliyosemwa baadaye.

Aliporudi kambini, mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi. Alisimama mbele ya kiti changu. Hakupaza sauti, na ningependelea apaze.

"Ulipowasha kulia," alisema, "nilidhani umekumbuka mawe."

Nilimjibu kwamba mimi sikuwasha kulia. Niliwasha kushoto. Nikamwonyesha kwa upole kwamba hakunifuata mimi, alilifuata gari.

"Mwalimu," alisema, "mtu akiwa nyuma yako ataona nini kingine?"

Nilianza kutunga jibu lililokamilika, kwa kuwa sina desturi ya kutoa majibu nusunusu. Akakikunja kiti chake cha kijani. Bwana Kettering, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Chura wako muongo, Mwalimu. Hata mwanasiasa hamfikii." Kisha akasogeza kiti chake kumpa Bibi Verlene nafasi, na duara zima likajipanga upya kama maji yanavyofunika jiwe.

Jioni iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuleta mkate wa mahindi. Niliuleta. Aliuchukua kutoka mkononi mwangu akasema "Asante," neno moja, akarudi ng'ambo. Mkate ulikuwa mzuri. Naliweka hili hapa kwa kuwa sijui niliweke wapi pengine.

6. Hoja kuu, ambayo naomba kamati yenu iitafakari.

Gari lile linakokotwa. Nasisitiza: linakokotwa. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Injini imezimwa, usukani unajizungukia wenyewe, kwenye kiti cha dereva hakuna mtu. Kitu kilicho katika kauli ya kutendwa hakina nia. Hakiwezi kusema "nakata kushoto", kwa kuwa hakikati, kinakatishwa. Hakiwezi kusema "nasimama", kwa kuwa kinasimamishwa. Kila taa inayowekwa juu ya gari la namna hiyo inaweka maneno ya mtenda katika kinywa cha mtendwa, na hata ikiwaka upande ulio sahihi inadanganya. Kwa hiyo taa zangu, zilizowaka upande usio sahihi, zilikuwa na kosa lile lile la taa zote, ila kwangu mimi lilionekana. Naweza hata kusema kwamba ndizo taa pekee za kweli katika kambi nzima, kwa kuwa zilifichua uongo wa jumla.

Nililisema hili kwenye duara. Bwana Kettering akauliza, "Kwa hiyo nikija nyuma yako usiku, Mwalimu, nisome kitabu?" Simjibu hapa.

Kutokana na hayo yote, naiomba klabu ichukue hatua hizi:

Kwanza, neno "chura" liondolewe katika jarida, na walioweka picha za chura kwenye bampa wapewe muda wa kuzikwangua.

Pili, watengenezaji wote waandikiwe, na watakiwe kuchapa juu ya kila taa maneno kamili: "Kushoto kwa dereva aliyeketi katika gari linalokokota, akitazama aendako." Kama taa ni ndogo kuliko sentensi, ikuzwe taa.

Tatu, mpaka hapo watengenezaji watakapotii, magari yote yanayokokotwa yawe bubu. Yasiwe na taa yoyote nyuma, na taa zake za asili zifunikwe kwa kitambaa cheusi, ili yasishawishike.

Nne, dereva anayetaka kukata kona asimamishe msafara wake kando, ashuke, atembee hadi kwa anayemfuata, na kumweleza kwa sentensi yenye kiima na kiarifu mahali anapokwenda na sababu yake. Wakiwa wengi wanaomfuata, amweleze kila mmoja. Nakubali kwamba safari zitakuwa ndefu. Kutoka hapa hadi Nebraska, kwa hesabu yangu, mtu angefika majani yakipukutika. Lakini msafara wa namna hiyo hautampoteza mtu, na walio ndani yake watakuwa wamezungumza sana.

Tano, na hili ndilo la haraka: klabu imwandikie Bibi Verlene Stockwell, kwa karatasi yenye nembo, imwamuru arudishe kiti chake kushoto kwangu, na Jumamosi anifuate kama ilivyokubaliwa. Kanuni zenu zinasema mwanachama amsaidie mwenzake barabarani. Hazikusema asaidiwe katika nini.

Mkishindwa kumwamuru, basi mwamuruni Bwana Kettering asiende Oregon. Mkishindwa na hilo, ifungeni Oregon.

Sitaki fidia. Sitaki hata kuombwa radhi. Nataka taa zisinisemee nisilolisema. Na kama kuna jambo nilipaswa kulisema mwenyewe nikiwa bado mezani na kikombe changu, pale mawe yalipotajwa, basi nataka hilo nalo lihesabiwe kuwa ni kosa la taa.

Nisalimie wote walio ofisini kwako, na fundi wenu wa mitambo ya kuchapia, na yule bibi anayepokea simu ambaye husema "hebu subiri" kisha asirudi. Wasalimie wanachama wa Tawi la Pwani na wa Tawi la Milimani, walio na taa na wasio nazo. Msalimie hata mwandishi wa makala ile. Mwambie simchukii, ila ajifunze nusu-mkato.

Nabaki, katika kauli ya kutenda,

Lowell Haverkamp
(Mwalimu wa Sarufi, mstaafu)

Baada ya sahihi.

Ndugu Mhariri, kabla sijaitia barua hii katika sanduku, nilivuka duara nikamwomba Bibi Verlene aisome, kwa ajili ya tahajia tu. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika lalamiko la nne alinielekezea karatasi, kidole chake kikiwa juu ya mstari.

"Ulisimama ukilitazama gari kama darasa?"

Nikasema ndiyo.

"Na wale watoto waliokuwa wakikutazama wewe, Mwalimu, miaka yote hiyo. Mkono wao wa kushoto ulikuwa upande gani?"

Nilifikiri. Niliinua mikono yangu, mmoja baada ya mwingine, nikageuka, nikaiinua tena. Bwana Kettering alianza kusema jambo, Bibi Verlene akamwambia, "Del, funga domo," naye akalifunga.

Kisha akasoma lalamiko la tano, pamoja na habari ya mkate, akaendelea mpaka kwenye sahihi. Alipomaliza alikwenda kwenye gari-nyumba lake, akarudi na keekee ya marehemu Harlan na balbu mbili zilizobaki tangu mwaka ule wa theluji, zimefungwa katika soksi. Akanipa keekee. "Toboa," alisema.

Nilitoboa. Tundu la kwanza limepinda kidogo. Hatukuifikiria njia nyingine.

Nyaya zilipofika mbele, yeye alikaa kwenye usukani wa gari-nyumba langu, mimi nikasimama nyuma. Akawasha, akangoja. Nikapaza sauti: "Taa iliyoko kushoto, kwa maana ya kushoto kwa dereva aliyeketi akitazama aendako, inawaka!"

Naye akanijibu kupitia dirishani: "Mwalimu wangu, mpaka umalize hiyo sentensi balbu itakuwa imeungua. Hebu sema kama watu. Chura wako vipi?"

Nilitazama huku na huku. Nyuma yangu hapakuwa na mtu ila jangwa.

"Anawaka," nikasema.

"Na kulia?"

"Anawaka."

Kwa hiyo naomba usiichapishe barua hii, au ukiichapisha, anzia hapa. Picha za chura kwenye bampa ziachwe. Oregon isifungwe. Kama jarida linayo nafasi, mtangazie Bwana Kettering kwamba anayo sehemu wazi katika msafara wake, na kwamba taa za sumaku, zilizonyooka, ziko kwenye hatua ya mlango wangu, achukue anayezitaka.

Kiti cha kijani kimerudi. Jumamosi asubuhi, kabla hatujaifikia njia ya maji, nitawasha ishara ya kulia, na chura wangu atasema hivyo hivyo. Kwa yule muuza mawe hatuwezi kutoka kinyumenyume, hilo nalijua. Tutakuwa wawili na magari manne, na ukuta mbele. Bibi Verlene anasema tutafungua mmoja mmoja, na kwamba safari hii kazi ya kushika mawe ni yangu.

L. H.